Aliyemsomea Mama Zaburi

Sitaapa kwa Biblia kwamba haya yalitokea, kwa sababu Biblia yenyewe imo ndani ya kisa hiki, na tangu siku ile naishika kwa tahadhari. Wewe nisikilize tu. Mimi ni fundi wa nguo pale Masimba. Sijawahi kuota ndoto ikawa kweli, wala si mtu wa kuona mambo. Ukinikuta kwenye cherehani yangu utaona mwanamke wa kawaida, pini zimejaa mdomoni. Lakini haya yalinipata, tena mchana, nikiwa macho, nimeshika kikombe cha chai.

Mama yangu alikuwa anakufa. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alisema wazi. Saratani ya titi ilikuwa imemla hadi kwapani, na madaktari walituambia tumrudishe nyumbani Manga, tumpe dawa za maumivu, tukae naye. Ndugu zangu wako Nairobi. Basi nilifunga kibanda changu, nikamwachia mume wangu watoto, nikapanda mlima kwenda kumuuguza.

Mwanzoni nyumba ilijaa. Akina mama wa kanisa walileta ndizi na maziwa, wakaimba, wakaomba. Halafu kidonda kikaanza kunuka. Nilifungua madirisha, nikachemsha majani ya mkaratusi chumbani, lakini harufu ile ilikwama kwenye mapazia na kwenye nywele zangu. Wageni wakaanza kusalimia wakiwa mlangoni. Baadaye wakawa wanatuma salamu tu.

Mama hakuwalaumu. Alimngoja mtu mmoja tu: Nyaboke, rafiki yake wa Birongo. Walibatizwa siku moja, katika mto mmoja, wangali wasichana. Kila Sabato walikaa benchi moja, bega kwa bega, Biblia moja imefunguliwa mapajani mwao. Mimi nilimwita mama mdogo, ingawa hatuna damu naye. Na walikuwa na ahadi yao ya tangu zamani: atakayetangulia kuugua kitandani, mwenzake atakaa kando yake hadi mwisho.

Nilimpigia simu. Akanijibu, "Nakuja, mwanangu. Mwambie asichoke kuningoja."

Nilimwambia mama. Akaomba nimfunge kitambaa kizuri kichwani. Tukangoja hadi jua likazama. Nikapiga tena wiki iliyofuata, akasema tena anakuja, na mama akaomba tena kitambaa. Hilo liliniuma kuliko kidonda chenyewe.

Nilijaribu kumsomea mimi. Mama hakuogopa kufa, la. Aliogopa kaburi. Aliniambia, "Mvua ya huku kwetu ni baridi. Nitalala peke yangu kwenye tope." Basi nikafungua Zaburi, na kila nilipofika pale penye bonde na mauti, sauti yangu ikakatika, nikalia. Mama akageuza uso ukutani.

Kisha ikaja Alhamisi moja alasiri. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na mama alikuwa amelia kwa maumivu tangu asubuhi, kilio cha kutoka tumboni ambacho majirani wote walikisikia. Nilikuwa jikoni nikimwaga chai kikombeni niliposikia hodi. Nikatoka na kikombe mkononi. Nyaboke alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lake la kijani na kitambaa cheupe cha Sabato.

Hakunikumbatia. Alinipita akaingia moja kwa moja chumbani kwa mgonjwa, na hakuziba pua. Niamini, ningeweza kumbusu miguu kwa hilo tu. Akachukua Biblia ya mama dirishani, akaketi kwenye kigoda, akasoma kwa Ekegusii, lugha yetu.

Nitakuelezaje sauti ile? Haikuwa ya mhubiri. Ilikuwa kama ya mtu aliyetoka nyumbani kwenu leo hii, amekuja kukuambia kwamba wote ni wazima na mlango uko wazi. Alisoma juu ya mchungaji asiyeacha kondoo wake. Alisoma juu ya nyumba yenye makao mengi. Alisoma juu ya machozi yatakayofutwa. Mama akaacha kulia, mikono yake ikalegea juu ya blanketi, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri, wakati watu wako kwenye mashamba ya majani chai na njia ni tupu. Mama akabadilika. Akaanza kunywa uji. Akanichagulia gauni la kumzikia, akacheka mishono yangu, akasema, "Hili usilipinde vibaya, nitakutana na watu." Siku moja mvua ilinyesha kwa fujo juu ya mabati, nikamtazama nikidhani ataogopa. Akasema tu, "Inyeshe. Sitakuwa peke yangu."

Sasa utaniuliza, na wewe hukuona chochote? Niliona. Niliona kwamba chai yangu haikunywewa hata siku moja. Alisema yuko kwenye mfungo. Niliona viatu vyake havina tope, na wewe unaijua njia ya kupanda Manga wakati wa mvua. Nikafikiri amevifuta kwenye nyasi. Niliona hakuwahi kuuliza habari za kitinda mimba wangu, yule anayempenda kama mjukuu wake. Lakini mtu aliyechoka kwa kuuguza hatafuti kasoro kwa msaidizi wake pekee. Wewe ungetafuta?

Asubuhi moja nilikuwa namfuta mama uso kwa kitambaa chenye maji ya moto. Akanishika mkono.

"Leo usimwekee chai," akasema. "Unaipoteza bure."

"Nimwekee nini basi?"

"Usimwekee kitu. Yule si Nyaboke."

Nilidhani ni dawa zinazosema. Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Nyaboke hajui kusoma, mwanangu. Hajawahi kujua. Babake alimtoa shule akachunge ng'ombe. Kanisani mimi ndiye niliyekuwa namnong'onezea, naye anafuata kwa kidole, watu wanadhani anasoma. Hiyo ilikuwa siri yetu."

Maji yalikuwa yanapoa kwenye karai.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipofungua Biblia siku ya kwanza."

"Mama! Na ukaniacha nimkaribishe? Nimkaribie hivyo? Mbona hukuniambia?"

"Ungemfukuza."

"Ningekusomea mimi!"

Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionikata. "Wewe ukisoma unalia. Nikikusikia unalia, naona kaburi. Yeye halii." Akapumzika kidogo. "Sijui ni nani. Nyasae, Mungu wetu, anajua. Lakini maneno si yake. Maneno hayo nayajua tangu nikiwa msichana, na hajaongeza hata moja, wala kupunguza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Sitakuficha, nilimkasirikia mama yangu aliyekuwa anakufa. Nimemwosha, nimemlisha, nimelala sakafuni kando ya kitanda chake, na mwisho wake amechagua kitu kisichojulikana badala yangu, akakiacha kikae kati yetu, akanyamaza. Hebu niambie, hiyo huitwaje?

Alasiri ilipofika nilisimama mlangoni. Niliapa hataingia. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani, na sikumwona akija. Nilipepesa macho, akawa amesimama mbele yangu. Koti lile la kijani. Uso wa mama mdogo, hata kile kidoa chake cha shavuni.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyesimama mbele ya mlango usio wake.

"Nimesema wewe ni nani? Nyaboke hajui kusoma!"

Ndipo akasema, kwa sauti ya Nyaboke, polepole: "Kigoda kilikuwa kitupu."

Mama akaita kutoka ndani. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Mwanangu, mwache aingie. Wakati umekwisha."

Nifanye nini? Kumzuia ni kumnyima mama. Kumwacha ni kuingiza sijui nini kwenye nyumba aliyoiacha baba yangu. Nilisogea. Alipita karibu nami na hakukuwa na joto la mtu wala harufu ya mtu, hata ya moshi wa jikoni ambayo sisi sote huku tunayo.

Aliketi, akafungua, akasoma ile ya mchungaji. Nilipiga magoti upande wa pili wa kitanda, nikashika mkono wa mama. Mama akaanza kusema naye. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini alifuata kila neno, hadi kwenye bonde, na hapo mimi nililia kama kawaida, lakini safari hii mama hakugeuka ukutani. Alipita. Alifika hadi mwisho, pale penye kukaa nyumbani mwa Bwana siku zote, akalitamka neno la mwisho peke yake, kwa sababu yule mwingine alikuwa amenyamaza. Kisha mkono wake ukawa mzito mkononi mwangu.

Nilipoinua macho, kigoda hakikuwa na mtu. Biblia ilikuwa juu yake, imefungwa. Nilikimbia nje. Uwanja mzima ulikuwa tope laini la mvua, na juu yake hapakuwa na alama ya kiatu ila changu.

Nikapiga simu. Ilipokelewa upesi. Nyuma yake nilisikia kuku na mtu akipasua kuni.

"Mama mdogo, uko wapi?"

"Niko nyumbani Birongo, mwanangu. Nisamehe. Nilikuwa nakuja leo, halafu..."

Nikakata.

Alikuja mazishini. Alilia kuliko sisi wenye mama, akataka kujitupa kaburini, watu wakamshika. Watu wakamwambia pole, wakamsifu jinsi alivyokuwa rafiki wa kweli. Mimi nilimvuta nyuma ya nyumba nikamweleza yote, neno kwa neno, nikitaka limchome. Akakaa chini kwenye nyasi.

"Nilikuja mara moja," akasema. "Alhamisi ile ya manyunyu. Nilifika hadi kwenye majani chai hapo chini ya boma. Nikamsikia akilia. Mwanangu, miguu ilikataa. Nikarudi. Na nilipokuwa nateremka nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo njiani."

Alhamisi ile! Ndiyo siku hodi ya kwanza ilipopigwa mlangoni kwetu.

Akafuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akauliza, kwa haya, kama mtoto: "Nilisoma vizuri?"

Nilimwacha pale pale kwenye nyasi. Sijamjibu hadi leo.

Nilimpelekea mchungaji wetu jambo hili. Akasema hata Shetani anayajua maandiko, nisilizungumze. Mwalimu mmoja Mkatoliki, mteja wangu, akasema huyo alikuwa malaika, nishukuru. Nishukuru? Malaika gani anaazima uso wa mwoga? Na kama ni Shetani, mbona mama alikufa bila hofu? Nimeacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba watu wawili niliowapenda walinificha, na aliyetimiza ahadi ni yule ambaye hakuahidi.

Nyaboke sasa anatembelea wagonjwa Manga nzima, kwa majuto. Lakini nimesikia kwamba juzi aliingia kwa mzee mmoja aliyepooza, na mzee akashangaa: "Umesahau nini? Si umetoka hapa sasa hivi?" Akatoka mbio. Kanisani haketi tena karibu na mtu.

Na mimi? Siwezi kufungua Zaburi ile bila kuisikia sauti ile. Ubaya ni kwamba siichukii. Nikizidiwa na huzuni, mashine imenyamaza na mvua inanyesha Masimba, ndiyo sauti ninayoitamani.

Basi wewe unayenisikiliza, kama kuna mgonjwa uliyemwahidi, ondoka uende. Nenda hata kama kunanuka, hata kama hujui la kusema, hata kama utalia mbele yake. Usidhani usipokwenda nafasi yako itabaki wazi. Kuna atakayeikalia. Atakuja na uso wako, na mgonjwa atamshukuru kwa jina lako.