Ndovu wa Nne

Chumvi ikichemka ina harufu yake, na aliyezoea chumvi ya pakiti itabidi aniamini tu. Ni moshi wa kuni za mkoko, matope yaliyopata moto na debe lililoungua ubavuni, vyote kwa pamoja. Ukikaa nayo siku nzima inahamia kooni, hata chai ya asubuhi unaiona kama imetiwa chumvi na mtu mwenye kinyongo nawe. Ndivyo Mkwaja, kijiji cha pwani kusini ya Pangani, ilivyonukia utotoni mwangu, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika chumvi. Nyuma ya mikoko palikuwa na uwanda mweupe usioota kitu. Bibi alikwangua udongo wake wa juu, akauchuja kwa maji ndani ya kikapu, kisha akayachemsha maji yale mchana kutwa mpaka ikabaki chumvi chini ya debe. Wateja wake walikuwa wa aina mbili: watu, waliokuja na vipimo vyao, na ndovu, waliokuja kulamba udongo ule bila kuuliza bei. Hao wa pili walimvunjia Bibi vyombo, na mimi wakaniachia wivu ambao mpaka leo sijapata mtu wa kumuuzia.

Kiangazi ninachokisema kilikuwa cha katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi kwa hesabu ya mama, aliyependa kunizidishia kila kazi ilipotokea. Kwetu ni Chumbageni, mjini Tanga, na mtaani nilikuwa na jina: nikitumwa ndimu, nilirudi na ndimu, kitunguu cha bure na malalamiko ya mwenye genge. Baba alikuwa fundi cherehani. Mmoja wa wateja wake alikuwa Bwana Rustam, Mhindi mfupi mwenye studio ya picha, mtu mpole aliyezungumza Kiswahili cha Tanga kama alichozaliwa nacho. Studioni mwake mlitundikwa pazia lililochorwa ziwa na bata weupe wenye shingo ndefu, ndege ambao hakuna mtu wa Tanga aliyewahi kukutana nao, lakini nusu ya mji imepigwa picha mbele yao. Bwana Rustam alikuwa na maradhi yake. Binamu yake wa Nairobi, mpiga picha pia, kila baada ya muda alimletea kwa posta picha ya mnyama: simba anapiga miayo, chui juu ya mti, kifaru na ndege mgongoni. Bwana Rustam alizifungia katika mtoto wa meza, na tulijua siku ambayo posta imefika kwa jinsi alivyokuwa mkali kwa maharusi. Basi siku baba alipomweleza kuwa ndovu wa Mkwaja hutoka porini wakashuka mpaka baharini, Bwana Rustam alikiacha kitambaa alichokuwa anakipapasa. "Ndovu na bahari katika picha moja," alisema polepole. "Fundi, Nairobi wana kila kitu. Bahari hawana."

Wakakubaliana. Yeye angelala kwa mjomba wangu kule Mkwaja, na mimi, kwa kuwa shule zimefungwa, ningekwenda naye kumsaidia. Nilivuka mto Pangani katika gari lake la boksibodi, lenye bodi la mbao nyuma, nikiwa nimepakata sanduku la kamera, nikaamini kabisa kwamba nimeajiriwa. Watoto wa njiani walinipungia mkono. Sikuwapungia. Niliona kwamba mtu mwenye cheo hapungi ovyo.

Mkwaja haikujua cheo changu. Kila mtu pale alikwisha kuwaona ndovu wakiingia baharini, mkubwa kwa mdogo, hata kipofu aliyesuka mikeka karibu na msikiti alikuwa na kisa chake cha kuwasikia wakipuliza maji. Tuliokuwa hatujawaona tulikuwa wawili tu, mimi na Bwana Rustam. Walitutania kwa hilo. "Jana mmewakosa padogo," mjomba alimwambia mgeni wake asubuhi ya kwanza. Siku iliyofuata akasema wamekwenda kusalimia jamaa zao, watarudi wakipewa ruhusa. Bibi hakutania. "Mtu mzima na akili zake anawatafuta hao?" aliniuliza. "Mwambie aje achukue na madebe waliyonipondea, ayapige picha." Nilianza kushuku kwamba ndovu wenyewe ni hadithi, na kwamba kijiji kimeona mgeni wa kuuziwa mayai. Nilikuwa nimetoka mjini. Nilijua mali isiyoonekana inavyosifiwa.

Halafu kulikuwa na Mwanaidi. Alikuwa mtoto wa mjomba, rika langu, mwembamba, asiye na haraka, na alikuwa na jambo moja ambalo lingeniudhi hata kwa malaika: hakujua kwamba anaonewa wivu. Mjomba alijenga kibanda cha makuti na matawi ya mikoko baina ya uwanda wa chumvi na ufuko, mahali Bibi aliweza kutuona kutoka motoni kwake. Kilikuwa na matundu mawili. Moja lilitazama bahari, na hapo Bwana Rustam alisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu. La pili, la ukubwa wa uso, lilitazama njia ambayo ndovu hutokea porini. Hilo lilikuwa la mtoto. Kazi yake ilikuwa kutazama, na akiona kitu asiseme, amguse Bwana Rustam goti. Siku ya kwanza nilikaa mimi. Nilimgusa goti kwa ajili ya nguruwe pori, kwa ajili ya nyani, na mara moja kwa ajili ya mzee mmoja aliyekuwa akienda zake haja. Siku ya pili Bwana Rustam akasema amjaribu Mwanaidi. Walirudi jioni hawajapata ndovu pia, lakini alimwambia Bibi, mimi nikisikia, "Huyu ana macho."

Neno hilo lilinikaa. Mimi nilikuwa na macho, tena yanayojua mizani iliyochezewa tangu mbali, na hakuna aliyeyasifu. Niliona Mwanaidi anapewa kipande kikubwa cha samaki, nikakipima kwa jicho na changu, nikapima tena nikaona vinalingana, na hilo halikunisaidia. Usiku alilala mara moja. Mimi nilikaa macho nikimsikiliza anavyopumua bila wasiwasi. Nilimlalamikia Bibi kwamba mimi ndiye niliyekuja na gari. Bibi akakata shauri akiwa anakoroga debe: zamu, leo huyu, kesho yule, na atakayenung'unika atakuja kuchota maji. Tukaingia zamu. Tukakaa humo siku baada ya siku, mbu wakitula, jasho la Bwana Rustam likidondoka, na neno lake moja likirudi kila tulipojikuna: "Subiri." Alilisema kwa upole, kama dua.

Asubuhi moja ya zamu yangu nilisikia mashoka. Vijana wa kijijini walikuwa wameanza kukata miti ya kujengea, juu kidogo ya njia ile ile ya ndovu, tena wakiitikiana kwa nyimbo. Nikajua siku imeoza. Ndovu gani atapita katikati ya kelele ile? Na papo hapo Mwanaidi akaja kutoka kisimani, ndoo kichwani.

"Ndugu yangu, nipe zamu ya leo. Kesho mama ananipeleka harusini Kipumbwi."

"Zamu haitolewi bure."

"Nitakurudishia nikija."

"Zamu moja kwa zamu moja ni kubadilishana, si biashara. Nipe tatu."

"Tatu? Kwani umeizaa wewe?"

"Basi mbili, kwa sababu wewe ni ndugu."

Alishusha ndoo, akanitazama. "Mbili," alisema. "Na Mungu anakuona."

"Anaona pia kwamba nimepunguza."

Tukafunga vidole. Niliondoka nikijisikia mwepesi, maana nilikuwa nimeuza samaki wa jana kwa bei ya asubuhi. Bibi alinituma mafuta ya taa dukani, nikaenda nikizihesabu siku zangu mbili, nikazihesabu tena kwa raha yake.

Nilikuwa dukani nikibishana kuhusu chupa, kama imejaa au imepunjwa, mwenye duka alipoacha kunijibu. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu. Mtoto mmoja alipita mbio akisema, bila kupiga kelele, kama mtu anayekumbusha jambo, "Wamo baharini." Niliacha chupa. Nilikimbia mpaka kanga ikafunguka, na mpaka leo naweza kukutajia kila kisiki cha njia ile. Nilipofika, bahari ilikuwa bahari. Kwenye mchanga palikuwa na nyayo pana kama sinia, maji yakiingia ndani yake polepole, na mavi yaliyokuwa bado yanatoa mvuke. Nilisimama katika unyayo mmoja kwa miguu yote miwili na nafasi ikabaki. Bibi alikuwa ameshika upawa, amejificha nyuma ya moshi wake. Bwana Rustam alikaa chini mchangani, kofia haipo, akicheka pasipo sauti, mkono wake juu ya kamera kama mtu aliyeshika bega la mwanawe. Ndovu walikuwa wameyakimbia mashoka, mjomba alieleza. Wakaiacha njia yao, wakazunguka mpaka ufukoni.

"Nimempata," Bwana Rustam alikuwa akisema. "Nimempata binamu yangu."

Mwanaidi alisimama mlangoni mwa kibanda. Hakuniringia hata kidogo. Laiti angeringa, ningekuwa na pa kushika.

Mchana ule ule Bwana Rustam alifunga mizigo. Filamu haikutaka kukaa na joto. Nilimfuata mpaka kwenye gari. "Na siku zangu mbili?"

"Siku zipi, mwanangu?"

Nilirudi Tanga nimepakata sanduku lile lile, na nililionea wivu sanduku, kwa kuwa nalo lilikuwepo.

Picha ilitoka nzuri kuliko alivyotumaini. Ndovu watatu wamesimama majini mpaka magotini, wimbi limevunjika mbele yao, mmoja ameinua mkonga. Moja ilikwenda Nairobi, moja akaiweka kwenye dirisha la studio, moja akampa baba kwa shukrani, na baba akanipa mimi. Chumbageni walipoiona waliniuliza ilikuwaje. Nilisema tulikwenda na Bwana Rustam, neno ambalo kila herufi yake ni kweli, na waliojaziliza walijaziliza wenyewe. Likizo iliyofuata niliibeba mpaka Mkwaja. Nilitaka Mwanaidi aone nani ana picha na nani hana.

Aliishika kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Na yule mdogo yuko wapi?"

"Mdogo gani? Hao ni watatu. Hesabu."

"Walikuwa wanne. Mdogo alikuja upande wangu."

Akanieleza bila kupamba. Wakati wakubwa wamo majini na Bwana Rustam amejifunika kitambaa cheusi cha kamera, ndovu mchanga aliyepotea nyuma alifika kwa njia yao ya zamani, akasimama mbele ya lile tundu la pili. Alikuwa na nywele kichwani. Aliingiza ncha ya mkonga tunduni, akamnusa Mwanaidi shavu, na pumzi yake ilinuka majani yaliyotafunwa. Mwanaidi akamgusa Bwana Rustam goti. Akamgusa tena. "Akaniambia, subiri," alisema Mwanaidi. "Nikasubiri. Akaenda zake."

Tundu lile lilikuwa langu. Siku ile ilikuwa yangu, na shavu lile, kwa haki, lingekuwa hili. Nilimwuliza kama asubuhi ile, alipokuja na ndoo, alikuwa ameyasikia mashoka, na kama alijua ndovu hukimbilia wapi wakisikia mashoka. Alicheka tu. Mimi niliyetoka mjini sikupata jibu jingine.

Niliporudi Tanga nilimweleza Bwana Rustam. Sijui kwa nini. Labda niliuona mzigo ni mkubwa kwa mtu mmoja. Aliniuliza, "Mdogo kiasi gani?" Nikaonyesha kwa mkono, kama nilivyoonyeshwa. Kesho yake picha ilikuwa imeondoka dirishani, na wamerudi maharusi na bata wao.

Nimeuza kanga sokoni miaka mingi tangu wakati ule, na najua mwongo anavyotambulika: mwulize bei leo, mwulize tena baada ya mwezi, itakuwa imesogea. Mwanaidi nimemwuliza nikiwa kigori, nikiwa mke, nikiwa mjane. Haijasogea. Siku hizi Bibi hayupo, uwanda wa chumvi una wenyewe, na watalii huletwa ufuko ule kwa magari ya wazi. Mjukuu wangu ana simu yenye ndovu wengi kuliko niwezavyo kuhesabu, wanaoga, wanarushiana matope, wengine wamepigwa picha kutoka angani. Ananionyesha akitazamia nishangae. Ninawaona wote, na wote ni wa kila mtu. Ninayemtaka ni mmoja, na hayumo.

Mwaka huu Mwanaidi aliletwa Tanga kutibiwa macho, maana mtoto wa jicho amemfunga yote mawili, akafikia kwangu kungojea zamu yake hospitali. Nilimpa picha ile mkononi. Aliisogeza karibu na uso, akaiweka mapajani. Haoni hata mkono ulioishika. "Wanne," alisema. Nilivaa miwani, nikahesabu watatu, nikarudia, watatu. Tulikaa barazani siku ile na ya pili yake, tukala, tukasema watu, na jioni akaniambia, "Haya, siku zako mbili hizo. Nimekulipa."

"Bado," nilimjibu. "Hujanionyesha mdogo."

Aliuelekeza uso uchochoroni, huko asikoona kitu. Kisha akanyoosha mkono, akanigusa goti. Nami, na umri wangu huu, niligeuka upesi nikatazama upande wa njia.