Mkono wa Kushoto wa Lavell Pettway

Lavell Pettway yuko kwenye foleni ya duka la kituo cha mafuta hapa Tarver, Mississippi. Mkono wa kulia kashika kahawa, wa kushoto kabana kwapani mpira wa ngozi wenye ncha mbili, wa futiboli ya Kimarekani inayochezwa kwa mikono. Bi Vernell, mwenye duka, anamrudishia chenji, na papo hapo anaupiga mpira kofi.

Hauanguki.

"Jumapili ungebana hivyo, tusingelala na hasira," anamwambia.

"Shangazi, nimekuja kununua kahawa. Mahubiri nitayakuta kanisani."

Foleni nzima inacheka. Jumapili iliyopita Lavell aliangusha mpira mara mbili, timu yake ikafungwa, na kocha akampa adhabu ya tangu zamani: aubebe kila aendako, mezani mpaka msalani, na yeyote anayemkuta ana ruhusa ya kumpokonya. Wiki hii timu haina mechi, kwa hiyo adhabu kaja nayo kwao.

Ana miaka ishirini na tisa. Kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kupenya katikati ya wanaume wazito kama majokofu. Kaifanya misimu saba. Mshahara huingia kwa wiki za mechi, na mkataba huchanwa siku yoyote wakubwa wakiamka vibaya. Hao hukaa juu kwenye vyumba vya vioo, na huko hakuna anayeangukiwa na mtu.

"Nikiangusha tena, kocha kasema nisihangaike kufungua kabati langu la jezi," anasema. "Kuna kijana anasubiri. Bei yake nusu yangu."

Nyumbani kwa mama yake, Earline, aliyekata kambale kiwandani miaka kumi na tisa, Lavell anatoka jikoni kwenda barazani. Mama anampita kwa nyuma, anaugusa mpira kwa kiwiko, mzaha tu. Mpira unaanguka, unabingirika chini ya meza.

Lavell hasimami. Anafika barazani na kuketi, mkono umekunjwa vilevile, umekumbatia hewa.

"Lavell. Umebeba nini?"

"Mpira, mama."

"Hebu angalia."

Anaangalia. Anaukunjua mkono kwa kuuvuta na ule wa kulia.

"Tangu Agosti," anasema. "Niligongwa shingoni, ukapita moto mpaka kwenye kucha. Halafu basi, ganzi. Bi Vernell nilimwona anainua mkono, nikakaza bega."

"Daktari wa timu anajua?"

"Kaniuliza, nikamwambia niko sawa. Yule analipwa na nani, mama? Si haohao."

Earline anafungua viganja vyake. Vidole vitatu havihisi kitu, vilikufia kwenye kisu cha samaki.

"Mimi nilimwambia msimamizi Jumatatu. Ijumaa wakaniambia nirudishe aproni, kazi basi."

"Ndiyo maana nimenyamaza."

"Ngoja nimalize. Kabla ya hiyo Jumatatu nilinyamaza miaka miwili. Kazi ilikwenda vilevile, na vidole havikurudi." Anamtazama. "Na mtoto je? Tangu mje unambeba kulia tu. Ulidhani sioni?"

Simone, binti wa Lavell, ana miezi miwili. Baba yake anakiri kwamba hajawahi kumbeba kwa mkono wa kushoto.

Kesho anakwenda Memphis kwa daktari wa shingo atakayemlipa mwenyewe. Jumatatu atampelekea kocha mpira wake na majibu kwa pamoja. Watakalosema wakubwa analijua tayari. Baadaye, akipona, angependa kufundisha vijana wa shule ya hapa Tarver, na cha kwanza watakachofundishwa ni kusema panapouma.

"Lakini kwanza nataka niujue uzito wa mwanangu kwa mkono huu," anasema.

Earline anamchukua mjukuu na kumlaza kwenye mkono wa kushoto wa baba yake. Haondoki. Anaweka viganja vyake chini ya mkono huo, vidole vilivyokufa na vilivyo hai, wanamshika wote wawili.