Plasma Iliyomkata Maman Pembeni

Mwaka ule Papa alikuwa anapofuka, na sisi familia yake, wasomi watupu, tulikuwa tunachagua televisheni. Nalisema mwanzoni ili asije mtu akadhani hatukuwa na habari. Habari tulikuwa nazo. Papa alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Alijikwaa kwenye ndoo ambayo ilikaa mahali pamoja tangu nizaliwe. Kanisani alimpita rafiki yake wa siku nyingi, aliyesimama ubavuni pake, bila hata salamu, na mzee yule akanuna mwezi mzima.

Lakini ilikuwa vita, na vita ni kitu kizuri sana cha kufichia ugonjwa. Chai ikimwagika, tulisema umeme hauna nguvu. Papa akijikwaa njiani, tulisema ni mashimo, na kweli mashimo ya Bukavu yangemwangusha hata mwenye macho sita. Akimpita rafiki, tulisema ana mawazo, na nani hakuwa na mawazo? Kila kitu mjini kilikuwa kimeharibiwa na mtu fulani mwenye bunduki. Hakuna aliyetaka kufikiri kwamba jicho linaweza kuharibika lenyewe, bila msaada wa askari.

Papa alikuwa mkuu wa ofisi moja ya serikali pale Ibanda, ofisi iliyobaki bila karatasi, bila mashine na bila mshahara, lakini mkuu ilikuwa naye. Kila asubuhi alifunga tai akaenda kuiongoza. Jioni alirudi kutazama habari. Wakati ule vita vilikuwa vimeshaanza kuitwa amani, na wakubwa waliotumaliza walikuwa wakipeana mikono katika hoteli za nchi za mbali, wamependeza kama maharusi. Papa hakutaka kukosa hata mkono mmoja.

"Ule mwenye kusimama katikati ni wa picha tu," alituambia. "Mwenye kupanga mambo anasimamaka pembeni. Ule njo nataka kuona."

Tatizo ni kwamba pembeni Papa hakuona mtu. Aliigonga televisheni, akaihamishia ukuta mwingine, akanipandisha juu ya bati kugeuza antena, mimi mwanamke mzima mwenye shahada na sketi ya ofisini. Bado picha ilikuwa inakatwa. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Ulaya, akasikia kwenye simu kwamba Papa hapati picha nzuri, akatuma pesa na amri: anunuliwe plasma, ile televisheni nyembamba ya kutundika ukutani. Swali hakutuma. Maman, ambaye televisheni yake ya kwanza ilibebwa na askari pamoja na kitambaa alichoifumia, alisema jambo moja tu.

"Ni muzuri. Ile nzito iliwaumiza mugongo. Hii batabeba na mukono moja."

Kabla sijatuingiza dukani, lazima nieleze tabia ya nyumbani kwetu. Papa akisema mchuzi hauna chumvi, mchuzi hauna chumvi. Hakuna anayeonja kwanza. Maman anaongeza, tunakunywa maji ya bahari, tunashukuru. Kumpinga baba mbele ya watu ni kumvua nguo, na mtoto wa namna hiyo anakosa baraka, anakosa mume, anakosa hata wa kumzika. Nilikuwa na miaka thelathini na mume nilikuwa sijampata, kwa hiyo nilikuwa mwangalifu.

Tulikwenda Jumamosi, watu wanne, tumevaa kama wapeleka mahari. Wa nne alikuwa tonton, ndugu yake Maman, fundi wa redio, aliyekuja kama mtaalamu wa plasma ingawa plasma yenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaiona. Mwenye duka, kijana mpole aliyekuwa akileta mali kutoka Dubai, alikuwa amewasha televisheni tatu: moja ya kizamani yenye mgongo, na plasma mbili, moja kubwa na nyingine kubwa kupita mlango wetu. Jenereta ilinguruma nje. Papa akatoa mfukoni sahani ya video ya kwaya ya parokia, anamoimba Maman, iliyorekodiwa Nyangezi siku ya sikukuu. Alisema hawezi kupima picha kwa watu asiowajua, na nikiri kwamba hilo lilikuwa neno la akili.

Tonton akaanza kazi. Aliweka kiganja kwenye kioo, akachuchumaa, akatazama kwa ubavu.

"Muangalie nyeusi," akasema. "Nyeusi ya hii ni majivu. Nyeusi ya ile ni makaa. Plasma inajulikanaka ku nyeusi."

Kweli ilikuwa hivyo. Kwenye plasma ya kwanza kanzu ya padri ilionekana imefuliwa mara mia. Kwenye ile ya pili, kubwa zaidi, ilikuwa nyeusi hasa, na nyuso zilikuwa nyuso, si mabaka mekundu, na mwanakwaya akigeuka haachi mkia wa rangi nyuma yake. Sijawahi kuona picha safi vile. Maman alikuwa wa mwisho kushoto, kama kawaida yake, na niliona mpaka pini aliyobania kilemba, na nukta za buluu kwenye bluzi yake, na kidole alichoweka kwenye kitabu cha nyimbo asipoteze mstari.

Papa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kioo, kama mwenye mamlaka.

"Hii inakata batu," akasema. "Maman yenu iko wapi?"

Mwenye duka akatazama picha, akamtazama Maman aliyesimama karibu naye, akatazama picha tena. "Si ule pale, muzee? Ku kushoto."

"Hakuna mutu ku kushoto. Banamukata."

Papa akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, mpaka mgongo ukagonga friji lililokuwa linauzwa. Akakunja uso. "Sasa naanza kumuona. Mukisogea karibu, banamukata. Ni machine ya wapi hii?"

Hapo nilielewa. Sitasingizia kwamba nilielewa baadaye. Mtu anayeona zaidi akiwa mbali ana dirisha dogo machoni, na lilikuwa linazidi kuwa dogo. Mwenye duka naye alielewa, akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, neno ambalo sisi wa nyumba ya Papa tulishindwa kulisema mwaka mzima.

"Papa, pengine ni macho. Muende mupimishe. Machine haina kitu."

Tonton alimkemea mpaka jenereta ikaonekana imenyamaza. Kuuza mali ya bandia, halafu kumwita mkubwa wa serikali kipofu! Papa akainua mkono kumtuliza. Alitaka ushahidi, si kelele. Akamuuliza Maman kwanza.

"Maman ya batoto, weye unajiona mule?"

Maman alikuwa anajitazama akiimba, mdomo wazi, mkubwa kama alivyo. Akafunga kanga yake vizuri. "Banikata," akajibu.

"Na weye?" Papa akanigeukia, kichwa kizima, na bado alilitazama sikio langu. "Unamuona maman yako?"

Mwenye duka alinitazama kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Nilikuwa na aibu, nilikuwa na hofu, na juu ya vyote nilikuwa na adabu.

"Hapana, Papa. Banamukata."

Tukatoka kwa maandamano. Wiki iliyofuata tulinunua plasma ndogo katika duka jingine, ambako mwenye duka alijua biashara: kila alichosema Papa, aliitikia. Nyeusi yake ilikuwa ya majivu. Tuliitundika mbali na kiti cha Papa, ng'ambo ya sebule, na alifurahi sana kwa muda wa miezi minne. Kisha picha ikaanza kukatwa tena, na tonton akaja na bisibisi.

Hospitalini tulifika mwaka mmoja na nusu baada ya duka lile. Daktari alieleza taratibu. Ni presha ya ndani ya jicho, haiumi, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na kilicholiwa hakirudi. Kuna matone ya kuizuia, ya kutia kila siku, lakini matone huokoa kilichobaki tu. Kilichobaki kilikuwa tundu dogo katika jicho la kulia. Akamuuliza Papa ilianza lini.

"Uliza huyu mutoto," Papa akasema. "Yeye njo alikuwa anaona."

Maman akaenda kutafuta matone. Sisi wawili tukakaa kwenye benchi ukumbini. Nilikuwa nalia bila sauti, nikijua haoni, na hata kujua hivyo kulinichoma.

"Ile siku ya plasma, mu magazini ya kwanza," Papa akasema. "Maman yako alikuwa mu picha?"

"Alikuwa, Papa."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaimba. Aliweka kidole mu kitabu, asipoteze mustari."

"Na alivaa nini?"

"Bluzi ya nukta za buluu. Na kilemba. Kilikuwa na pini."

Papa aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea ripoti ofisini.

"Kumbe unajuaka kusema kweli," akasema.