Kiti cha Susu

Harufu ya mti wa mukau unaochongwa haijanitoka puani hadi leo. Ni harufu kavu inayowasha koo kidogo, na ikichanganyika na ile rangi nyeusi ya viatu ambayo wachongaji wa Wamunyu hupaka vinyago ili vionekane vya mpingo, mimi hukumbuka kitu kimoja tu, nacho ni kiti. Wengine wakinusa harufu hiyo huona twiga na vifaru waliopangwa kando ya barabara wakisubiri watalii. Mimi humwona mama yake mama, ambaye sisi Wakamba humwita susu, ameketi wima na miguu iliyovimba, akilitazama shamba alilokatazwa kuligusa. Aliyehakikisha kwamba haligusi ni mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii ambayo sijaifanyia kazi nyingine yoyote tangu siku hizo.

Niliishi kwake tangu darasa la nne, kwa sababu mama yangu alikuwa Tala akiuza mitumba na chumba alichopanga huko hakikuwa na nafasi ya mtoto. Miaka hiyo ya tisini mvua ilikuwa ya kusuasua, na mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Susu alishuka mtoni kabla jua halijachomoza, akafukua mchanga mpaka maji yakachuruzika, akajaza mtungi wa lita ishirini, akaufunga mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, akapanda kilima bila kusimama. Mimi na kidumu changu cha lita tano nilisimama mara tatu nikihema. Alikuwa na miaka kama sabini hivi. Jumanne na Ijumaa alikwenda kwenye mwethya, kikundi cha wanawake waliozunguka shamba kwa shamba wakichimbiana mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu ili mvua isiukokote wote kwenda mtoni. Waliimba, walitaniana matusi ya kuchekesha, waliwasengenya wakwe zao, na udongo ukaruka. Susu alirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, akala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, sahani mbili, akalala fofofo. Sikumsikia akilalamikia goti hata siku moja.

Mjomba Mutua, kaka mkubwa wa mama yangu, alikuwa mchongaji mwenye karakana yake pale Wamunyu. Alimpenda mama yake, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana ingekuwa rahisi mno kumbebesha yeye lawama yote. Siku moja Susu alipita mbele ya karakana akiwa na mzigo wa kuni, na mteja aliyetoka mjini akauliza kama yule bibi hana watoto. Mchongaji mmoja akajibu, "Ako na kijana hapa hapa, anachonga twiga," na karakana nzima ikaangua kicheko. Kwetu, mama mzee anayebeba mzigo ni tangazo kwamba alizaa bure. Mwanamke aliyebarikiwa watoto hutambulika kwa kukaa. Mjomba alifika nyumbani jioni ile macho mekundu, akakataa hata chai, akaondoka. Baada ya majuma mawili alirudi na kiti kwenye mkokoteni. Kilikuwa kiti cha enzi hasa, chenye mgongo mrefu na mahali pa kuegemeza mikono, na pembeni alikuwa amechonga mahindi na ndege.

"Mwaitu, umetosha," alimwambia mama yake. "Umelima mpaka tukasoma. Sasa kaa."

"Nikae nikifanya nini?" Susu aliuliza.

"Ukae tu."

Sitaki kudanganya: Susu alifurahi. Alikaa, akapapasa wale ndege, akacheka kwa haya kama bibi harusi, na majirani wakaja kumtazama na kumpongeza. Mjomba akachukua majembe, panga na mukwa, akavipeleka kwake. Akampata mtu wa kutuletea maji kwa punda na msichana wa jirani wa kutwanga na kupika. Kiondo, kile kikapu alichokuwa akisuka, hakukikataza, kwa kuwa kusuka ni kazi ya mikono tu. Asichojua ni kwamba Susu alikuwa akisuka akitembea, njiani kwenda sokoni na kanisani, na alipojaribu kusuka amekaa vidole vilichoka haraka, akasinzia. Kabla hajaondoka siku ile, Mjomba aliniita nje. "Wewe ndiye askari wangu," alisema. "Susu asiinuke. Nikija Jumamosi utaniambia." Jamani, cheo hicho! Mimi ambaye nilitumwa na kila mtu pale kijijini, leo nilikuwa na mtu mzima wa kumwamuru. Nikimkuta ameshika ufagio nilimnyang'anya. Akitaka kwenda kuangalia mbuzi, nilimwambia mbuzi wako sawa. Jumamosi nilitoa ripoti, na Mjomba akinisifu nilivimba kichwa wiki nzima.

Jumanne moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta kiti kitupu. Nilijua alikokwenda. Nilikimbia hadi shamba la Ndunge, rafiki yake wa tangu usichana, nikamkuta Susu ndani ya mtaro, leso imefungwa kiunoni, jembe la kuazima mkononi, anacheka na wenzake. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo kwa miezi. Nilisimama juu ya mtaro na sare yangu ya shule, nikapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Susu! Mjomba alisema ukae! Kuja twende nyumbani!"

Wimbo ulikatika. Ndunge alinitazama kwa hasira ambayo bado naihisi mgongoni. "Wewe mutoto, unafunga susu yako kama mbuzi?"

"Nitamwambia Mjomba," nilisema. "Nitamwambia wewe ndiye ulimwita."

Nilitegemea Susu anikaripie. Laiti angenikaripia, hata angenichapa. Aliinamisha kichwa tu, akalikung'uta jembe udongo, akamrudishia Ndunge. "Wacha, Ndunge. Huyu ametumwa," alisema, akatoka mtaroni akitumia mikono, na nyuma yetu hakuna aliyeimba. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma yake. Jumamosi nilitoa ripoti yote, na Mjomba akaenda kwa Ndunge kumwomba, kwa heshima, asimvunjie mama yake heshima tena. Susu hakutoroka tena. Alikuwa ameaibishwa na mtoto mbele ya rika lake, na aibu ya namna hiyo haihitaji kufuli.

Baada ya hapo alianza kuisha, na aliisha polepole kiasi kwamba tuliona ni uzee tu. Kwanza alisema miguu inakuwa mizito asubuhi. Halafu ikavimba, viatu vyake vya plastiki vikakataa kuingia, nikavikata kwa wembe. Muthokoi ikabaki sahanini. Akawa anasukuma mikono ya kiti mara mbili, mara tatu, ndipo ainuke. Mwishowe akawa ananingoja mimi nimvute. Mapaja yale yaliyokuwa yakipanda kilima na lita ishirini yalilegea, ngozi ikaning'inia, na nilipomwogesha nilishangaa mtu anaweza kupungua hivyo na huku amepumzishwa. Alisahau majina. Aliongea kidogo. Wenzake wa mwethya walikuja mara mbili tatu, wakakaa kwenye mkeka chini ya kiti chake, kisha wakaacha kuja kwa sababu walikuwa na kazi. Mjomba alipomwona anadhoofika alileta mto laini wa kukalia.

Alianguka asubuhi moja njiani kwenda chooni, mahali tambarare, hapana jiwe wala shimo. Nilisikia kishindo kidogo tu. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini mjini Machakos muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, alifunua shuka akaitazama ile miguu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, "Huyu mama alikuwa anafanya kazi gani nyumbani?"

"Hakuna," nilijibu kwa majivuno. "Sisi tulimpumzisha. Tangu mwaka jana."

Muuguzi aliifunika tena ile miguu. Alimgeukia Mjomba akamwambia kwamba hata mfupa ukiunga, mama hana nguvu za kusimama, miguu imeisha. Mjomba alifoka kama aliyetukanwa: "Itaisha aje? Huyu hajashika jembe mwaka mzima!" Nilimwona muuguzi akimhurumia. Wakati huo sikuelewa alimhurumia kwa nini. Susu alikaa wodini majuma sita, akapata vidonda vya mgongo, kisha homa ya mapafu, akafa kabla mvua za Aprili hazijaanza. Mama yangu alifika kutoka Tala na kukuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Kwenye mazishi mzee mmoja wa kanisa alimsimamisha Mjomba Mutua mbele ya watu, akasema vijana watazame mfano: mama huyu hakufa na jembe mkononi, alikufa ametunzwa. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikilia. Ndunge alikuwa amekunja mikono. Hata matanga hayajaisha, wanaume wawili walikwisha kumwomba Mjomba awachongee mama zao kiti kama kile, na mwaka huo alichonga vinne. Kimoja kilipelekwa kwa Ndunge na wanawe. Nilisikia alikiweka uani akawa anaanika kunde juu yake, wanawe wakakasirika, na yeye akaendelea kuchimba mitaro mpaka mimi nilipomaliza chuo.

Sasa nimevuka arobaini na mitano. Mtaani kwetu Syokimau sisi wanawake wa rika langu huamka alfajiri, tukavaa raba, tukazunguka ukuta wa mtaa kwenda na kurudi bila kufika popote, kwa sababu daktari amesema magoti yanataka mwendo na mifupa inataka mzigo. Wengine hulipa ili wapewe vyuma vya kunyanyua. Nikivinyanyua humkumbuka Susu na mtungi wake, na moyo unaniuma kwa namna ambayo mwalimu wa mazoezi hudhani ni uchovu.

Mama yangu amefika umri ule ule. Aliacha biashara ya Tala akarudi shambani, analima nusu ekari, anachota maji yake mwenyewe bombani. Kila mwaka ndugu zangu hunipigia simu tukubaliane kumwajiri mfanyakazi na kumkataza jembe, na kila mwaka mimi hukataa. Wananiona nina roho ngumu, kwamba nimesoma nikasahau utu. Sijawahi kuwaambia kuhusu ile Jumanne. Katika familia hakuna aliyeijua ila Mjomba, na Mjomba ameshafariki akiamini alimtendea mama yake wema.

Krismasi iliyopita tulikuwa mimi na mama tu shambani, tunapalilia. Alinyooka, akashika kiuno, akanitazama. "Wenzangu wote wamepumzishwa," alisema. "Naambiwa ni wewe unakataa." Nilianza kusema jambo kuhusu afya, kuhusu mifupa, nikasikia jinsi maneno yangu yalivyo makavu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni hiyo ilikuwa ya kweli, wala sikuwa na namna ya kuiondoa bila kumwambia ni nani aliyemtoa mama yake mtaroni. Kisha akainama tena kwenye mahindi, akaongea akiwa ameutazama udongo.

"Mama yetu alizaa Mutua, akamtunza mpaka siku ya mwisho," alisema. "Mimi nilizaa nani?"