Shapule mbele ya kapo

Gari yetu ilikuwa pikap ya zamani, ya esanse. Bwana yangu aliinunua kwa mufanyabiashara mumoja wa Butembo, mwenye alikuwa anapeleka nayo chakula upande wa Walikale, kwa wachimbaji ya mugodi ya Bisie. Vita ikafunga ile njia, akatuuzia, sisi tukaileta kwetu Kibabi. Tulibebaka watu na maharagi mpaka Kirotshe, kando ya ziwa. Asubui ilikuwa inawaka muzuri. Kisha ku mulima, pu! inazimika. Haikohoi, haitoi moshi, inazimika tu kama taa.

Bwana yangu alianza na buji, zenye zinawashaka esanse na kamoto, akazisafisha. Akachuja esanse na kitambaa. Akanunua bobini ingine, ile ya kuongeza nguvu ya umeme. Ikazimika tena. Siku moja ilituangusha karibu na askari wenye hatukujua ni ya nani. Nikatosha shapule, rozari yangu, nikaanza Salamu Maria, abiria wote wakaitika. Vile tulimaliza, bwana yangu akazungusha kifungulo: ikawaka. Watu wakapiga mikono, mama mumoja akalia. Toka ile siku ikakuwa desturi. Gari ikizimika, watu wanashuka, wanasimama mbele ya kapo, kifuniko ya injini, mimi naongoza. Mafungu tano ya Salamu Maria, kumi kumi, kisha inawaka. Wakaiita gari ya Maria. Walikuwa wanaacha zingine zipite, wanangoja yetu.

Mimi naamini shapule. Mpaka leo silalaka bila kusali. Lakini nilikuwa nasoma masomo ya mangaribi, kisha kazi ya muchana, na mwalimu alitufundisha: ukitaka kujua kosa iko wapi, badilisha kitu kimoja tu, ingine uiache. Basi siku moja gari ilizimika, bwana yangu akashuka kutafuta maji. Nikatosha waya ya buji, nikasogeza ncha yake karibu na chuma, nikaomba abiria mumoja azungushe kifungulo. Hakuna kamoto. Nikakaa, nikakula muhindi wangu, sikusali. Kisha nikarudilia: kamoto ka buluu, tya! Gari ikawaka bila Salamu Maria hata moja. Nikagusa kasanduku kadogo ka ku delko, pale umeme inagawanyika kwenda ku buji, kenye kanatoaka kamoto kwa umeme pahali ya platini, vile vyuma vya kugusana vya zamani. Hata sasa kalikuwa na joto.

Nikamwambia bwana yangu: "Papa, ni hii kasanduku. Ikipata joto, inakufa. Ikipoa, inafufuka. Shapule inaipatiaka tu nafasi ya kupoa."

Akacheka. "Ah, masomo ya mangaribi sasa inatoshaka na makanika! Mama, watu wanapanda hii gari juu ya sala. Unataka niwaambie wanasaliaka kasanduku?"

Nikanyamaza. Sikunyamaza juu ya kumuogopa. Nilipenda vile watu walikuwa wananiachia kiti ya mbele, vile wamama walikuwa wananishika mukono mbele ya kupanda. Nikaendelea kuongoza, miezi mingi, na nikijua.

Kisha mudogo yangu, mwenye ananiitaka Yaya, dada mukubwa, akashikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mama muzalishi wa Kibabi akamugusa tumbo, akasema mutoto amelala kimukingamo, kichwa ku ubavu, hapa hataweza, mumupeleke ku ospitali ya Kirotshe mbio. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia upande wa juu tangu asubui, hakuna gari ingine yenye ilibakia. Tukamupandisha katikati yetu.

Mulima ya kwanza, ikazimika. Bwana yangu akafungua kapo, akaniangalia. "Mama, anzisha."

Bidon ya maji ilikuwa ku miguu yangu.

"Usali, Yaya," mudogo yangu akasema.

Nikaanzisha. Mafungu tano yote, na Utukufu ku mwisho ya kila moja. Yeye aliitika akiuma meno. Gari ikawaka.

Mulima ya pili, ikazimika tena.

"Anzisha."

"Hapana, Papa."

"Unakatala kusali? Leo?"

Nikashuka, nikafungua kikwembe yangu ya juu, nikailowesha, nikaifinya ku kale kasanduku. Mvuke ikapanda. Mudogo yangu akacheka katikati ya uchungu: "Kumbe na gari iko na homa?" Hatukungoja sana. Bwana yangu akazungusha, ikawaka. Mpaka Kirotshe nilikuwa nashuka, nalowesha, napanda.

Dokta akamupasua mara moja. Mudogo yangu akapona. Mutoto, mwanaume, akatoka bila pumzi. Nikauliza alikufa saa ngapi. Dokta akaniangalia, akasema: "Ni sasa hivi tu, Mama."

Makanika mumoja wa Kirotshe akafungua kale kasanduku. "Pate nyeupe, ile mafuta nzito ya kupakaa chini yake, iko wapi? Ile ndio inapelekaka joto ku chuma." Bwana yangu akajibu aliipanguza siku ya kununua gari, alifikiri ni uchafu. Kuipakaa tena ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ile Jumapili akasimama mu kanisa, akashukuru Mungu kwa sala yenye ilifikisha mugonjwa. Watu wote wakaitika. Mimi sikuitika.

Siku ya nne kisha kupasuliwa, mudogo yangu akaniuliza pale ku kitanda: "Yaya, ku mulima ya pili ulijua dawa ya gari. Ku ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukasali."

"Nikasali."

Akageukia ukuta.

Vile walimuruhusu kutoka, bwana yangu alileta gari mpaka ku mulango, ikinguruma bila kosa. Mudogo yangu akaipita. Akashika njia ya kando ya ziwa kwa miguu, pole pole, mukono moja ku kidonda. Nikamufuata na kifurushi yake. Mbele kidogo akasimama, akakichukua, hakuniangalia.

"Rudia ku gari, Yaya. Naenda kwa shangazi, hapa kando ya ziwa, njia naijua."

Nikarudia.