Jumapili Tatu za Mchungaji Fearchar

Mchungaji Fearchar MacAskill alikuwa na digrii, makoti mawili meusi, na Kigaeli, lugha ya kwao, kilichomfanya ng'ombe ajute kusimama kumsikiliza. Hayo ni maneno ya mkewe, Beathag. Alizaliwa hapo hapo kisiwani Skye, Uskoti, mtoto wa Ruairi mfua chuma, lakini miaka minane ya Kilatini ilimkausha ulimi. Na ndiye huyo ambaye kamati ya Edinburgh ilimchagua atafsiri vitabu vya Biblia vya Ruthu na Ayubu kwa Kigaeli, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri.

Aliposoma sura yake ya kwanza ya Ruthu kanisani, watu walilala. Hawakusinzia, walilala, wameegemeana kama magunia ya shayiri. Mzee wa kanisa Iomhar alikoroma bila aibu yoyote.

Basi Fearchar akaenda kwa Marsaili.

Marsaili alikuwa mjane, mfumaji, hajui hata herufi moja, ila watu walivuka vilima viwili kumsikia akizungumza tu. Tatizo ni kwamba miaka miwili nyuma Fearchar alikuwa amemkalisha kwenye kigoda cha toba na kumkemea mbele ya kanisa zima, Jumapili tatu mfululizo. Kosa lake: kuburuta gogo kutoka ufukweni siku ya Bwana. Skye haina miti ya kujengea. Gogo likiletwa na bahari Jumapili, ukingoja Jumatatu jirani ana mlango mpya. Marsaili alijitetea hivyo hivyo, hakusikilizwa, na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani.

Hata hivyo alimpokea, maana mgeni ni mgeni. Alimwambia aweke karatasi chini na kumsimulia habari za Ruthu kwa mdomo. Kisha akamrudishia habari zile zile kwa maneno yake, na Fearchar akaandika mbio mbio, wino ukimchafua mikono. Wakaenda hivyo majira yote ya baridi. Aliposoma tena kanisani, hakulala mtu. Wanawake wawili walilia, na Iomhar akauliza kama huyo Ruthu ana ndugu upande wa Sleat, kusini mwa kisiwa.

Majira ya kuchipua ikaja barua ya kamati. Ayubu afike kabla ya katikati ya Juni, la sivyo kazi ingepewa mchungaji mmoja wa bara, ambaye Skye nzima ilijua alijifunza Kigaeli kitabuni. Fearchar alikimbia na karatasi zake. Marsaili alikuwa anachambua sufu.

"Ayubu simfanyi," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Tazama juu, mwana wa Ruairi."

Juu palikuwa na boriti, nyeusi kwa moshi. Lile gogo.

"Mvua haijagusa karatasi zako tangu Novemba. Mimi niliyeliokota nilikaa kigodani. Wewe uliyeandika neno la Mungu chini yake, utakaa lini?"

Fearchar alileta teolojia. Marsaili akaendelea kuchambua. Fearchar akasema mchungaji hawezi kujikemea mwenyewe. Marsaili akamjibu kwamba Iomhar angemkemea kwa moyo mmoja, anaisubiri nafasi hiyo tangu Fearchar afike.

Nyumbani Beathag alicheka mpaka akatua ndoo ya maziwa. Fearchar hakucheka. Kigoda chenyewe hakikumtisha sana. Kilichomchoma ni kwamba aliitambua boriti ile wiki ya kwanza kabisa, akainamisha kichwa, akaendelea kuandika.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Alishuka mimbarini, akaeleza yote bila kuficha, akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi. Magoti yakamfika kidevuni. Iomhar alimkemea nusu saa nzima, kwa furaha ambayo hakuwahi kuonyesha hata Krismasi, ambayo kwa vyovyote hawakuisherehekea.

Mlango ukafunguliwa. Marsaili akaingia taratibu, akakaa mahali pake pa zamani, akakunja shali.

"Leo ni moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Mimi zangu zilikuwa tatu."

Kanisa zima likamgeukia mchungaji. Iomhar alikwishaanza kufikiria hotuba ya pili.

"Tatu," akasema Fearchar kutoka kule chini.

Akazikaa zote. Jumatatu iliyofuata, saa ya kukamua ng'ombe, alikuwa mlangoni kwa Marsaili na wino mpya, na Marsaili akamwambia aingie, aanze na mali ya Ayubu, asiruke ngamia hata mmoja.