Ubani wa Saidi

Juzi nilipita Kiembe Samaki nikaona dirisha limezibwa kwa kanga, nikaikumbuka alasiri ambayo mdogo wangu Saidi alikosa pumzi.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, na mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa nimeacha skuli ili nimlee. Nyuma ya nyumba palikuwa na karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu. Siku hiyo harufu yake ilikuwa kali, ya rangi inayoungua, na Saidi alikohoa huku kifua kikimlia kama filimbi. Nilidhani harufu mbaya ndiyo ugonjwa, basi nzuri itaufukuza. Nikaziba madirisha, nikatia ubani kwenye chetezo, nikamfukiza kama mama alivyotufukiza. Sikujua kwamba kifua chenye pumu hakichagui moshi.

"Dada, nnakufa."

"Hufi. Vuta ubani."

Midomo yake ikawa ya kijivu. Jirani yetu, Bi Zuhura, akausukuma mlango. "We mtoto! Moshi juu ya moshi? Mtoe huyo!"

Nilimbeba mgongoni, nikakimbia kuelekea upepo unakotoka, mpaka karakana ikawa mbali nyuma yetu.

"Nteremshe, dada," alinong'ona hatimaye. "Watu wanatuangalia."

Sikumteremsha.